Kisima cha Jambiani kimeingia chumvi: nichimbe chini zaidi?

SWALI: Assalamu alaykum, mzee wangu. Nina kiwanja cha urithi Jambiani, upande wa juu wa barabara, karibu na maweni. Kuna kisima cha babu, kilichochimbwa kwa mkono, na tangu sijapata akili maji yake yalikuwa matamu. Miaka ya karibuni hoteli imejengwa chini yangu, upande wa pwani, ikachimba kisima cha mashine. Sasa maji yangu yana chumvi, na wakati wa kaskazi ndio huzidi. Nataka kujenga nyumba ya wageni ya vyumba sita. Fundi anasema tuchimbe mita arubaini, chumvi tutaipita na chini yake tutakuta maji matamu. Tena anasema ardhi ni yangu, kibali cha nini, nisijitafutie usumbufu. Je, ni kweli? Na kama si kweli, nianzie ofisi gani?

JIBU: Wa alaykumu salaam, mwanangu. Fundi wako amekosea mara mbili, na kosa la kwanza ndilo litakalokula fedha zako. Ukichimba mita arubaini Jambiani, utakuwa umelipa pesa nzuri kwa kuifuata bahari iliko.

Tuanze na maji yenyewe, maana ukishaelewa yanakaaje, sheria nayo utaona ina maana.

Pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Nungwi mpaka Makunduchi, imesimama juu ya jiwe la matumbawe. Lina nyufa, lina vishimo, lina mapango. Mvua ikinyesha haikai juu. Inazama pale pale, ndiyo maana huko kwenu hakuna mto. Ikizama inakutana na maji ya bahari ambayo nayo yameingia chini ya kisiwa kupitia nyufa zile zile. Maji ya mvua ni mepesi kuliko ya bahari, basi yanaelea juu yake kama mafuta juu ya mchuzi. Hayo yanayoelea ndiyo maji ya kisima cha babu yako. Chini yake ni chumvi.

Wahandisi wawili wa Ulaya, Badon Ghijben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani, kila mmoja kwa wakati wake, walipiga hesabu ya jambo hili zaidi ya miaka mia iliyopita, na hesabu yao bado inatumika duniani kote. Kwa kila mita moja ambayo maji matamu yamesimama juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Ukisikia mita 40 utafurahi, lakini karibu na pwani maji hayo hayasimami mita nzima juu ya bahari. Tuseme kwenye kiwanja chako yamesimama sentimita 40. Zidisha: mita 16 chini ya usawa wa bahari. Kama ardhi yako ipo mita 6 juu ya bahari, basi utamu unakwisha kwenye mita 22 kutoka unapokanyaga. Na hapo nimekuwa mkarimu, kwa sababu hesabu ile inachukulia kwamba maji mawili hayachanganyiki. Jambiani yanachanganyika sana. Bahari inajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na ndani ya jiwe lenye nyufa msukumo huo unayachapa maji yote, kwa hiyo kati ya matamu na ya chumvi kuna mahali pana penye maji nusu kwa nusu. Kisima cha mita 40 kitapita matamu, kitapita machanganyiko, na kitaingia kwenye bahari tupu.

Zipo nchi ambako maji matamu hukaa chini ya chumvi, kwa kuwa tabaka nene la udongo wa mfinyanzi limeyatenga. Fundi pengine amelisikia hilo mahali. Katika jiwe la matumbawe lililo wazi kwa bahari si jambo la kulitegemea.

Sasa geuza hesabu ile ile uone pampu inafanya nini. Ukivuta maji kwa nguvu mpaka usawa ndani ya kisima ukashuka sentimita 10 tu, chumvi iliyo chini inatafuta kupanda mita 4, na inapanda moja kwa moja chini ya pampu yako. Ikishafika kwenye bomba, kuzima pampu hakuirudishi mara moja. Yaweza kuchukua msimu mzima, pengine zaidi. Na chumvi yenyewe haihitaji kuwa nyingi. Maji ya bahari yana takriban gramu 19 za kloridi, yaani kiini kimoja cha chumvi, kwa lita, na ulimi huanza kusikia chumvi kwenye miligramu 250 hivi kwa lita. Asilimia mbili tu ya bahari ndani ya kisima inakupeleka karibu miligramu 380.

Kwa hiyo swali la kwanza katika kisiwa chetu si kisima kiwe kirefu kiasi gani. Ni kwamba unavuta kiasi gani, kwa kasi gani, na wapi. Kisima kifupi kinachovutwa polepole kitaishi, na hapa babu yako alikuwa na akili kuliko mashine: ndoo na kamba haziwezi kuvuta kwa pupa.

Kuhusu jirani, nakuomba usiende kugombana kabla ya kupima. Huenda ni yeye. Kuvuta maji upande wa pwani, ambako maji matamu ni membamba zaidi, kunaalika bahari kuja juu, na jiwe lenye nyufa linaweza kufikisha athari mbali. Lakini kuna mambo mengine. Je, wewe mwenyewe au mpangaji hakutia pampu ya umeme kwenye kisima cha babu? Visima vingine vya jirani, vilivyo mbali na hoteli, navyo vimeingia chumvi? Kaskazi yenyewe ni shida, kwa kuwa mvua za vuli zimekwisha, masika bado, na wageni ndio wamejaa. Mzigo mkubwa na ukame vinakuja pamoja, vivyo hivyo Julai na Agosti. Kwa sababu hiyo, kuona chumvi imepungua wakati wa masika hakuthibitishi lolote juu ya hoteli: mvua imenyesha na wageni wameondoka kwa wakati mmoja, nani ajue kipi kimesaidia?

Kipimo kinachofaa ni kile kidogo cha mkononi kinachosoma jinsi maji yanavyopitisha umeme, katika mikrosimensi. Bei yake si ya kutisha. Maji chini ya 1,000 ni mazuri. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha 2,500 kwa maji ya kunywa. Bahari yenyewe iko karibu na 50,000. Pima kisima chako asubuhi kabla ya mtu kuchota, kisha jioni. Pima siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, na siku za maji mafu, inapojaa na kupwa kidogo, maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamepwa, na uandike saa. Kisha omba ruhusa kwa jirani zako wawili watatu upime vyao, aliye karibu na hoteli na aliye mbali. Kama chumvi inazidi kadiri unavyoikaribia hoteli, una hoja. Kama vyote ni sawa mpaka maweni, tatizo ni la kijiji kizima na halitatatuliwa kwa kumnyooshea mtu kidole. Daftari la vipimo vya miezi michache litasikilizwa ofisini kuliko barua yenye hasira, hilo nakuhakikishia.

Twende kwenye kibali. Fundi anasema ardhi ni yako. Zanzibar ardhi ni mali ya umma. Ulichorithi ni haki ya kuitumia, na haki hiyo haishuki mpaka kwenye maji yaliyo chini. Sheria ya Maji Na. 4 ya 2006 imeyaweka maji chini ya usimamizi wa Serikali, na ndiyo iliyounda Mamlaka ya Maji Zanzibar, ZAWA. Wako watu bado wanaliona jambo hili kama dhulma. Naelewa linakotoka: baada ya Mapinduzi ya 1964 maji yalikaa miaka mingi hayalipiwi, na mtu akazoea kwamba maji ni ya Mungu na serikali kazi yake ni kuyaleta mferejini. Lakini hata kabla ya sheria yoyote, wazee wetu wa dini walikuwa wakitufundisha kuwa maji, malisho na moto watu wanashirikiana. Fikiria kisima chako uone: unacholalamikia ni kwamba mtu amevuta maji chini ya ardhi yake na wewe ukadhurika. Ukisema kwako hakuna kibali, umemwambia na yeye vivyo hivyo.

Kibali ndicho kinachokulinda. Kinaandika kisima kiko wapi, kina urefu gani, kinaruhusiwa kuvuta kiasi gani. Siku atakapokuja mwingine juu yako na kutaka kuchimba, ofisi itakuwa na rekodi kwamba hapa pana kisima kinachotegemewa. Kisima kisichoandikwa kokote hakimo katika hesabu za mtu.

Tahadhari moja kabla ya kuanza kutafuta fomu mtandaoni. Maji na mazingira si mambo ya Muungano. Utakutana na NEMC ya mazingira, EWURA ya udhibiti wa nishati na maji, bodi za mabonde ya maji, sheria ya mazingira ya 2004 na ya rasilimali za maji ya 2009. Hayo yote ni ya Tanzania Bara. Nimeona watu wakijaza karatasi za Dodoma kwa ajili ya kiwanja cha Paje. Huku kwetu maji yapo chini ya Wizara ya Maji, Nishati na Madini, na mtendaji wake ni ZAWA. Mazingira yapo chini ya Ofisi ya Makamu wa Kwanza wa Rais, na mtendaji ni ZEMA, Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, iliyoundwa kwa Sheria Na. 3 ya 2015. ZURA husimamia bei na ubora wa huduma za maji na nishati. Utakutana nayo zaidi ukitaka kuwauzia wengine maji.

Njia yenyewe, kwa mtu mwenye vyumba sita, ingekuwa hivi. Anza kwa sheha. Si kwa adabu tu. Yeye ndiye anayejua mipaka, visima vya zamani na mashimo ya vyoo yaliyofukiwa, na barua yake utaihitaji kila mlango utakaogonga. Kutoka hapo nenda ZAWA na uulize kwanza kama bomba lao linafika kwenye kiwanja chako na kwa uhakika gani. Ikiwa maji ya mfereji yanatoka hata kwa zamu, kwa tangi kubwa unaweza usihitaji kisima kipya kabisa. Ikiwa hayatoki, ndipo uombe kibali cha kuchimba, na uwaombe wataalamu wao wakuambie mahali na urefu kabla mashine haijaletwa. Michoro yako ipeleke ZEMA mapema, kabla ya kuchimba msingi. Wao ndio watakaopima mradi na kukuambia kama unahitaji tathmini kamili ya athari za mazingira au maelezo mafupi ya usimamizi. Usikubali mtu akwambie nyumba ndogo haihusiki. Jibu hilo ni la ZEMA kulitoa, kwa maandishi. Leseni ya kupokea wageni ni ya Kamisheni ya Utalii, na kibali cha ujenzi nacho kina mlango wake, ila hayo hukuyauliza na mimi si mtu wa hayo.

Tupige hesabu ya maji yako. Utafiti wa Stefan Gössling uliochapishwa 2001, uliofanywa pwani hii hii ya mashariki, ulikuta mgeni mmoja anatumia kwa wastani lita 685 kwa siku, wakati mwenyeji alitumia lita 48. Nambari hiyo imewakasirisha watu wengi, na ina haki ya kuwakasirisha. Lakini ndani yake kuna jambo linalokufaa wewe: wastani ule umebebwa na mahoteli makubwa. Kwenye nyumba ndogo za wageni ilikuwa karibu lita 250. Tofauti kubwa ilikuwa bustani na mabwawa ya kuogelea, si kuoga. Majani mabichi ya kukanyagia, juu ya jiwe, mwezi wa Januari, kwa maji ya kisima! Usipande hayo. Mkadi, mkwaju na mbuyu vimeishi hapo kabla yetu na havikuomba mpira wa maji.

Vyumba sita, wageni kumi na wawili, lita 250 kila mmoja: lita 3,000 kwa siku nyumba ikijaa. Ukitia pampu kubwa inayovuta lita 3,000 kwa saa moja, umeiita chumvi. Ukitia ndogo inayovuta lita 300 kwa saa, kwa saa kumi, ikijaza tangi taratibu, maji ni yale yale na kisima hakijashtuka. Hii ndiyo sababu nasema fedha ya mita za ziada itie kwenye tangi. Bora zaidi uwe na visima viwili vifupi vilivyo mbali kidogo, vyote upande wa maweni, viingie ndani ya maji kidogo tu, uvute kwa zamu. Na utie mita ya maji hata kama hakuna aliyekulazimisha, vinginevyo utakuwa unabahatisha.

Kisha paa. Paa la mita za mraba 150, mvua ya milimita 20 mara moja, linakupa lita 3,000. Toa zinazomwagika, zitabaki kama 2,400. Masika inanyesha hivyo si mara moja. Birika la chini ya ardhi, lililopigwa saruji vizuri na kufunikwa, litakuvusha sehemu ya kusi. Halitakuvusha kaskazi yote, sikudanganyi. Lakini kila lita ya mvua uliyokinga ni lita ambayo hukuivuta, na maji ya mvua kwa kufulia na vyooni yanatosha bila kusafishwa.

Mashine ya kuondoa chumvi? Hoteli kubwa wanazo. Kwako umeme utakula faida, na kuna maji mazito ya chumvi yanayobaki ambayo lazima yaende mahali. Mtu akiyamwaga kwenye shimo kiwanjani mwake, anayarudisha kwenye visima vya wenzake yakiwa makali zaidi. Hilo nalo liongeze kwenye orodha ya mambo ya kuuliza kuhusu jirani.

Hukuniuliza kuhusu choo, na ndilo linalonitia wasiwasi kuliko chumvi. Chumvi ulimi unaihisi. Kinyesi haukihisi. Kanuni inayotumika sana duniani ni kuweka shimo la choo angalau mita 30 kutoka kwenye chanzo cha maji, na chini ya shimo pawe angalau mita moja na nusu juu ya usawa wa maji. Kanuni hiyo imetungwa kwa ajili ya udongo, ambao unachuja. Jiwe la matumbawe halichuji; maji yanapita kwenye ufa na yanafika kisimani na uchafu wake. Mita 30 kwenu ni kiwango cha chini kabisa, si usalama. Karo la chini wazi, linalochimbwa mpaka maji yaonekane ili lisijae, ni jambo linalofanywa sana na ni baya sana. Mripuko wa kipindupindu wa 2015 na 2016 haujasahaulika, na kijidudu chake kinastahimili hata maji yenye chumvi kidogo. Serikali ilijiwekea mpango wa miaka kumi, 2018 hadi 2027, wa kukimaliza kabisa Zanzibar. Mpango huo hautafika popote ikiwa kila nyumba ya wageni ina shimo wazi juu ya mwamba.

Karo lako liwe la saruji pande zote na chini, lenye vyumba viwili au vitatu, na yanayotoka yaende kwenye kitalu cha changarawe na mimea kilichozibwa chini kabla hayajagusa jiwe. Migomba inapenda sana hapo. Liweke upande wa pwani wa kisima chako, maana maji ya chini hutembea kutoka ndani ya kisiwa kwenda baharini. Na hapa ndipo utakapojua kwa nini ZEMA wanauliza maswali mengi: chini yako kuna visima vya watu, na mbele yao kuna mashamba ya mwani ya kina mama, ambayo Jambiani na Paje yamekuwako tangu 1989. Wewe unalalamika kwa aliye chini yako; walio chini yako nao wana haki ya kukuogopa.

Kuhusu hoteli, basi. Ukiwa na daftari lako, mwombe sheha akuandikie, uende ZAWA uwaulize mambo mawili: kisima kile kina kibali, na kiasi kinachovutwa kinalingana na kibali? ZEMA uwaulize masharti ambayo hoteli ilipewa kwenye cheti chake cha mazingira yalisemaje juu ya maji na maji machafu, na lini mara ya mwisho ilikaguliwa. Usiseme "wameniharibia kisima". Sema "naomba mkague, na hivi ndivyo vipimo vyangu". Ukienda pamoja na jirani wawili watatu wenye visima, bora zaidi, kwa sababu ofisi hukisahau kisima kimoja lakini mtaa mzima huwa wanauandikia.

Kama bado hujanunua kipimo, kinunue sasa. Mwisho wa kaskazi, kabla masika haijaanza, ndipo kisima kinaposema kweli. Ukipata usomaji wa bamvua moja na wa maji mafu mara moja, pamoja na vya jirani, niandikie kabla hujaenda ZAWA tuvisome. Na fundi mwambie asubiri.